Shahidi Niliyemketisha Benchi la Nyuma

Nasri mwanangu,

Salamu zangu zikukute u mzima, umeshiba, na una viatu vinavyokutosha. Naandika "mwanangu" bila kumwomba mtu ruhusa. Mahakamani waliniandika "dada wa mtoto kwa mama mmoja", na ni kweli, sikatai. Lakini Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na wewe mitatu, na Bibi alikuweka mapajani mwangu akasema, "Shika mwanao, mie miguu sina." Tangu siku ile hakuna aliyekuja kunipokea. Kesho asubuhi anakuja baba yako.

Nguo zako nimeshazifunga. Habari za dawa ya kifua, za chandarua, na za juzuu yako kutosahauliwa, nimemweleza mke wa baba yako kwenye simu naye akaniitikia vizuri, "Sawa mdogo wangu, sawa." Sitazirudia hapa. Hapa nataka kukueleza jambo moja ambalo ukikua utaliuliza, nami naogopa utapewa jibu ambalo silo. Utauliza kwa nini ulitolewa Bagamoyo ukapelekwa Msata. Mtu atakukumbusha kwamba hakimu alikuhoji, ukajibu, na baada ya majibu yako ikatoka hukumu. Utajihesabia kosa. Mimi nilikuwemo mle ndani, na nataka ulisikie kwangu.

Unanijua nilivyo. Mama Chiku wa nyumba ya pili husema nimemeza ulimi pamoja na tonge. Shule ya msingi nilikuwa nanyoosha mkono kama wenzangu. Nilipofika sekondari masomo yote yakawa kwa Kiingereza, na kila nilipotaka kusema kitu nilikipima kwanza kichwani, nikikosoa hiki na kile, na nilipokuwa tayari mwalimu alikuwa ameshapita somo jingine. Miaka minne ya kupima. Nikaizoea hali hiyo hata kwa Kiswahili, hata na watu wa nyumbani. Wewe ndiye mtu pekee niliyesema naye bila kupima.

Halafu ikaja ile tamthilia.

Labda hutaikumbuka, maana ulikuwa unasinzia mkekani kabla haijafika nusu. Ilikuwa ya nchi za mbali, imetiwa sauti za Kiswahili, na mhusika wake mkuu alikuwa wakili mwanamke mwenye koti jekundu. Bibi hakulishika jina lake hata siku moja. Alimwita Bi Koti. Baada ya swala ya isha watu walijaa kwetu kwa sababu luninga yetu ndiyo ilikuwa inashika vizuri: Mama Chiku na kapu lake la ukili, Mzee Mtoro aliyekuwa na kesi ya shamba na kaka yake huko Makurunge, na mimi mlangoni kwenye kigoda, natazama na kujifanya nachambua mchele.

Bi Koti aliwatetea watu wasiokuwa na kitu. Vibarua walioumizwa na mitambo ya tajiri. Mjane aliyefukuzwa na shemeji zake kabla eda haijaisha, au sijui wao huko huitaje. Kijiji kilichoamka kikakuta nguzo za mpaka zimepigwa katikati ya makaburi. Kila mara alikuwepo mkubwa fulani anayempigia hakimu simu kwa siri, na Bibi alikuwa akimtukana yule mkubwa kama anamsikia.

"Mwana kukosa we! Simu ikuunguze sikio!"

"Bibi, hakusikii huyo," Mama Chiku alikuwa anamwambia.

"Atasikia kaburini."

Mzee Mtoro yeye hakuwa na imani. "Huko kwao wana bahati," alisema siku moja. "Mnyonge anaonewa na mtu mkubwa, kwa hiyo anapata wakili mkubwa. Mimi nimeonewa na kaka yangu. Nani ampigie hakimu simu kwa ajili ya mihogo?"

Tulicheka mpaka ukaamka. Lakini mimi nilikuwa nasoma, Nasri. Nilikuwa napenda zaidi ile sehemu ya mwisho, wakati kila kitu kimeharibika na tajiri ameshaanza kutabasamu. Bi Koti anasimama, ananyoosha mkono nyuma ya ukumbi, anasema: "Mheshimiwa, nina shahidi mmoja zaidi." Kamera inazunguka, na kwenye benchi la nyuma ananyanyuka mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Ukumbi unakaa kimya. Mimi, ambaye darasani jibu langu lilikuwa linachelewa sikuzote, nilimwona mtu ambaye kuchelewa kwake kulikuwa ndio ushindi wake. Nikadhani nimepata njia yangu.

Baba yako alikuja mwaka huu baada ya mfungo. Sitaki umchukie, kwa hiyo nitamwandika kama alivyokuwa. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi shikamoo kwa kuinama, akaleta sukari na kitenge. Akasema zamani alikuwa akiziba pancha za malori pale njia panda, hana hata pa kulala, na sasa ana duka la vipuri, ana nyumba ya vyumba vitatu, ana mke. Akasema anataka kulea damu yake.

Bibi akamwambia, "Ulipokuwa huna, damu ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yangu, mama. Niliona haya."

Alisema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na chai mkononi, na nilikasirika kwa sababu jibu lake lilikuwa zuri. Nilimtaka aseme jambo baya.

Bibi alikataa. Baba yako alikuja tena na mjomba wake, Bibi akakataa tena. Ndipo ikaletwa karatasi ya wito, na kwa kuwa Bibi miguu haimruhusu, aliomba mimi nimsemee, nami nina miaka kumi na minane, mtu mzima. Karani wa mahakama ya mwanzo akaniuliza mara mbili kama kweli nitaweza, maana nilikuwa nazungumza na meza yake.

Nilikuwa nimejiandaa, mwanangu. Siku ya msiba wa Mama, baada ya khitma, baba yako alisema mbele ya Ustadhi Kombo, yule wa madrasa yako: "Mtoto huyu nimemwachia bibi yake, mimi sina uwezo wa kulea." Ustadhi aliyasikia na anayakumbuka. Niliona ndiyo kesi nzima hiyo. Nilimwendea, nikamwomba aje.

"Nitakuja," akasema. "Jina langu umeliandikisha?"

"Bado, Ustadhi. Wewe ukae benchi la nyuma tu. Usiseme kitu. Wakati ukifika nitakuita."

"Kwa nini iwe hivyo?"

"Ni utaratibu wa kisheria," nikamwambia.

Akacheka. "Haya, mwanasheria." Mtu mwenye elimu yake aliniamini mimi kwa sababu nimemaliza kidato cha nne.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyotazamia. Feni moja, meza yenye kitambaa cha kijani, hakimu mwanamke wa makamo mwenye miwani, na wazee wawili wa baraza kando yake. Hakuna wakili. Nilikuwa namtafuta wakili wa baba yako, yule mtu mwenye suti ambaye ningepambana naye, nikamwona baba yako peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi, anatoka jasho kama mimi. Nje bodaboda walikuwa wanapiga honi.

Hakimu akauliza mashahidi. Baba yako akataja mkewe na kaka yake anayekaa Ubena. Hakimu akawaambia watoke wasubiri nje hadi waitwe. Niliwaona wakitoka. Unajua niliwaza nini? Niliwaza, wametolewa kwa sababu hawana maana. Nilifurahi, wallahi.

"Na upande wenu?"

"Hakuna, mheshimiwa," nikasema. Nyuma yangu Ustadhi Kombo alikuwa ameketi na kanzu yake nyeupe, anavuta tasbihi, anasikiliza kila neno.

Baba yako alieleza. Mkewe akaitwa akaeleza, kaka yake akaeleza. Ikaja zamu yangu. Maneno niliyoyapanga wiki nzima yakanitoka vipande vipande, mengine yakiwa ya vitabu vya uraia, ambayo niliyajua kwa Kiingereza na sikuyapata kwa Kiswahili pale pale. Nilisema tumekulea. Nilisema unasoma vizuri. Nikasema tena tumekulea. Mzee mmoja wa baraza aliniambia, "Sema tu, mwanangu, hapa hakuna anayekula mtu," na huruma yake ikanifunga zaidi.

Basi nikaona wakati umefika. Nikanyoosha mkono nyuma. Naona haya hata kuandika. Nilinyoosha mkono kama Bi Koti.

"Mheshimiwa, nina shahidi mmoja zaidi."

Ustadhi akasimama. Watu wakageuka. Pakawa kimya kweli, kwa pumzi moja. Kisha hakimu akavua miwani.

"Ustadhi, umeingia humu saa ngapi?"

"Tangu mwanzo, mheshimiwa."

"Umemsikia mdai akieleza?"

"Nimewasikia wote."

Hakimu akanigeukia. Hakupaza sauti. "Binti, shahidi hukaa nje mpaka aitwe, asije akawasikia wenzake akayashona maneno yake yafanane au yapingane na yao. Hukuwaona wale waliotolewa?"

"Niliwaona."

"Nikakuuliza kama una shahidi ukasema huna."

"Ndiyo."

"Sasa ulidhani nini?"

Ningemwambia nini? Yule mzee wa pili wa baraza akajibu badala yangu. "Mheshimiwa, hawa watoto na tamthilia zao." Chumba kizima kikacheka, hata kaka yake baba yako, mtu wa watu, akaficha uso kwa kofia. Hakimu peke yake hakucheka.

Alimruhusu Ustadhi aseme, lakini akatuambia mapema kuwa ataupima ushahidi huo kwa jinsi ulivyokuja. Ustadhi akasema aliyoyasikia msibani. Ndipo baba yako akapewa nafasi ya kumuuliza.

"Ustadhi, siku ile mimi nilikuwa nalia au silii?"

"Ulikuwa unalia."

"Maneno ya mtu anayelia, mkewe yuko kaburini saa ile ile, ni mkataba?"

Nilikuwa nasubiri Ustadhi aseme ndiyo. Tasbihi ikasimama mkononi. "Wallahi," akasema, "siwezi kusema ni mkataba."

Kwa hiyo hata kama angekaa nje, angeulizwa vile vile na angejibu vile vile, maana si mtu wa kusema uongo. Huenda nilipoteza kwa ujinga wangu, huenda nilikuwa nimeshapoteza tangu asubuhi. Nimeligeuza jambo hili mpaka limekosa upande. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na neno la kweli, nikalificha ili lipendeze likitoka.

Sasa ndiyo zamu yako.

Nilikuwa nimekuambia njiani, "Ukiulizwa, sema kweli tu." Hayo nayo yalikuwa ya Bi Koti. Hakimu akakuita karibu, akakuuliza jina, darasa, rafiki zako. Ulisema naye kama unasema na Mama Chiku.

"Usiku mnakula nini nyumbani?"

"Inategemea," ukasema, na watu wakacheka tena, ila safari hii kwa mapenzi.

"Inategemea nini?"

"Vitumbua vya kuuza vikiisha, tunakula wali. Visipoisha, tunakula vitumbua. Bibi anakula uji. Da Saumu yeye huwa anakula kesho."

"Kesho?"

"Akiulizwa anasema, mie nitakula kesho."

Hakimu akaandika. Nilisikia kalamu. Sikujua kama unanitazama usiku wakati nafunika sufuria. Nilidhani nimekudanganya vizuri.

Akakuuliza mwisho, "Unataka kukaa na nani?"

Ukafikiri. "Kwa baba kuna malori. Naenda, lakini Da Saumu aje."

"Dada hawezi kuja."

"Basi Bibi."

"Na Bibi hawezi."

"Ah!" ukasema, ukaweka mikono kiunoni kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. "Sasa mnaniuliza ya nini?"

Nasri, hakuna mtu mle ndani aliyesema jambo lenye akili kuliko hilo. Nakuandikia ujue kuwa hukukosea neno lolote. Ulisema kweli kuhusu chakula kwa sababu mimi nilikuambia useme kweli. Kuna watu watakaokwambia ukweli ndio ulioniponza. Ulioniponza ni uongo wangu wa kila usiku, na hata huo sijui ningeuacha vipi, maana wali ulikuwa wa mtu mmoja.

Hukumu ilitolewa siku nyingine. Mtoto aende kwa baba yake, likizo aje kwa bibi yake. Hakimu alipomaliza kusoma aliniita, akanipa maji ya chupa yake mwenyewe. "Hukushindwa kumpenda," akaniambia. "Wewe nawe ni mtoto bado. Tafuta namna urudi masomoni." Nikasema asante. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi mizima kumchukia mtu aliyepigiwa simu na tajiri. Hakuna aliyempigia simu. Alisikiliza, akapima, akaamua kwa haki aionavyo, na mimi ninabaki bila wewe, tena bila mtu wa kumlaani. Tamthilia haikunifundisha la kufanya hapo.

Jioni ile watu walikuja kama kawaida. Nilidhani Bibi atakataza luninga isiwashwe, lakini yeye ndiye aliyesema, "Washeni, nyumba isije ikawa matanga." Bi Koti akashinda kesi ya watoto wa kiwandani. Bibi akapiga makofi, akasema, "Haya, wengine wamepata," kisha akajifunika uso kwa ukaya. Mzee Mtoro alizima luninga mwenyewe. Hakufanya mzaha. Alisema tu, "Saumu, kesi hazina kipindi cha mwisho. Zina siku ambayo umechoka."

Nilikwenda kuuliza habari za rufaa. Karani, yule yule, akaniambia niandike sababu zangu za kupinga hukumu. Nikakaa kwenye ngazi za nje na karatasi. Niliandika kwamba hakimu amekosea, nikafuta, kwa sababu sikuweza kuonyesha alipokosea. Niliandika kwamba nakutaka. Nikasoma nilichoandika, nikaona si sababu ya kisheria. Karatasi bado ninayo, ina mstari mmoja. Bibi ananiambia tuache, kamba ikivutwa huku na huku mtoto ndiye anayekatika. Labda ana haki. Labda ni woga wangu umepata wa kuusemea. Sijui, Nasri. Ningependa kukuandikia kitu ninachokijua.

Kimoja nadhani nakijua, na si wosia, ni jeraha tu ninalokuonyesha lilipo. Ukiwa na jambo la kweli la kumwambia mtu, usilitafutie mlango mzuri wa kulitolea. Liseme likiwa bado halijavaa nguo. Mama alikuwa anaumwa na mimi nilikuwa nangoja apate nafuu ndipo nimwambie kuwa nimefaulu kwenda sekondari, ili furaha iwe kubwa. Hakupata nafuu. Na mahakamani nikarudia yale yale. Na jana tena nimefanya.

Jana alasiri nilikuwa nakukata kucha uani. Ukaniuliza, "Da Saumu, yule wa huko nitamwita nani?"

"Yupi?"

"Mke wa baba."

"Tutaona," nikasema.

Ukaninyooshea mguu wa pili. "Nikimwita mama, utanuna?"

Wembe ukaniteleza nikakata karibu na nyama. Ukapiga yowe, ukaniita mchinjaji, ukaruka uani mguu mmoja, tukacheka wote wawili, na swali likapita. Niliona linapita. Nikaliacha, nikajiambia nitakujibu kwenye barua, kwa utulivu, kwa maneno yaliyopangwa.

Sasa nimefika mwisho wa barua na naona nilichotaka kufanya. Utaisoma ukiwa na miaka kumi na mingapi? Na miaka yote hiyo utakuwa unamwita yule mwanamke "wewe", kwa kuniogopa mimi.

Basi kesho, kabla baba yako hajaketi, kabla ya chai, nitachuchumaa mbele yako nikuambie kwa mdomo wangu: mwite mama. Sitanuna. Mwite mbele yangu hata kesho hiyo hiyo. Na ikiwa unasoma hapa na hukumbuki kuwa nilikuambia, basi jua kwamba ulimi ulinishinda tena mbele ya gari, na jibu lako lilikuwa hili.

Aliyekulea,
Saumu